Faili Mbili za Bwana Udongo

Dukani kwangu kuna benchi la mbao, na upande wake wa kushoto, karibu na mashine ya kopi, kuna nafasi ya mtu mmoja ambayo mimi siikalii tena. Wateja hawana habari. Wanajitupa pale wakisubiri karatasi zao, na mimi nawaacha. Lakini mchana watu wakipungua na mashine zikipoa, nasikia penseli ikigonga ubao wa benchi, mara tatu, kisha kimya. Sijamwambia mume wangu. Ningemwambia angenipeleka kuombewa, na mimi shida yangu si ya maombi. Shida yangu ni bahasha iliyo kwenye droo.

Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kujalidi tasnifu, nyuma ya geti dogo la chuo kikuu. Mwaka wa kumi na tisa huu. Wanafunzi wameniita Mama Jalada mpaka hata mwenye nyumba akaandika hivyo kwenye mkataba. Watu hudhani mchapaji hasomi anachokichapa, kwamba macho yanapita tu kama ndala kwenye lami. Tunasoma. Namjua aliyemnakili mwenzake, namjua aliyebadilisha jina la wilaya akaacha idadi ya watu ileile, na nimewahi kuona mtu akimshukuru marehemu bibi yake kwa msaada wa kompyuta. Nacheka peke yangu, naweka gundi, naendelea.

Bwana Udongo nilimpa hilo jina mimi. Alikuja na flashi iliyokuwa na faili moja tu, na hiyo faili ilikuwa ya udongo mwanzo hadi mwisho: udongo wa sentimita kumi, udongo wa sentimita thelathini, udongo una asidi kiasi gani, udongo unashika maji namna gani. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, shati limepigwa pasi mbele peke yake. Alikuwa na shahada ya kwanza ya mambo hayo hayo na ameanza ya uzamili. Mradi fulani ulikuwa unampa posho kila mwezi, na angepewa mpaka siku tasnifu yake itakaposainiwa.

Siku moja akaniomba nimchapie barua ya kuomba nafasi kwenye chuo cha afya kilicho ndani ya eneo la hospitali, ng'ambo ya barabara. Alitaka kusoma uuguzi, miaka minne, kuanzia mwaka wa kwanza.

"Si unayo shahada?" nikamuuliza.

"Ninayo, mama. Nataka nyingine ya kwanza."

"Ya kwanza ya pili. Hiyo hesabu yako imekaaje?"

Akatabasamu kidogo, lakini hakucheka. Barua za kumkatalia mkopo nilizitolea kopi mimi mwenyewe, kwa hiyo najua alikopita. Ofisi ya mikopo ya wanafunzi walimwambia fedha yao ni ya shahada ya kwanza na yeye ameshakula ya kwake, hata ile ya mwanzo hajamaliza kuirudisha. Benki walitaka hati ya mshahara. Baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyemlipia sekondari, alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani na kumwambia, "Wenzako wanapanda ngazi, wewe unashuka kwa hiari yako. Kwangu usije na habari hiyo tena."

Nilimuuliza anataka nini huko kwenye uuguzi. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Akaniambia habari za mama yake bila kuniangalia.

Mama yake aliumwa siku tatu nyumbani. Alikuwa anahema kwa shida, na kifuani kulikuwa na sauti ya maji, kama birika linapoanza kuchemka. Majirani walijaa uani. Wote walimtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye msomi wa ukoo, mwenye picha ya joho ukutani. Wakamwambia, wewe umesoma, fanya jambo. Akafanya. Aliona mama amechoka kukaa, akamlaza chali, akamfunika vizuri, akamwambia apumzike. Gari lilipopatikana walikuwa wamechelewa. Hospitalini muuguzi mmoja aliyekuwa akijaza fomu akauliza, bila ubaya wowote, "Mlimlaza? Mtu mwenye maji kifuani huwa anaketishwa, awekewe mito mgongoni." Kisha akaendelea kuandika.

"Tangu hapo mimi silali chali," akaniambia. "Nikilala chali naisikia ile sauti. Nalala nimekaa."

Mwenye chumba alichopanga, mama mmoja anayekuja kwangu kutoa kopi za risiti, alinithibitishia. Alisema mpangaji wake analala kwenye kiti kama askari wa zamu, na kitanda kimetandikwa vilevile wiki hadi wiki.

Basi akapata njia ya ada, na njia yenyewe ilikuwa hii: ile posho ya uzamili. Kwa posho ile angelipa ada ya uuguzi, chumba na chakula cha kujibana. Tatizo ni kwamba uzamili ni wa miaka miwili na uuguzi ni wa minne, na yeye, kwa bahati mbaya, alikuwa na akili. Mwaka wa pili ulipokwisha tasnifu yake ilikuwa imekamilika. Niliiona kwa macho yangu. Nimejalidi mia kadhaa na sijaona safi kama ile. Na ikisainiwa tu, posho inakatika.

Msimamizi wake alikuwa Profesa mmoja mama mtu mzima, mwembamba, anayetembea na begi la turubai na penseli nyuma ya sikio kama fundi seremala. Alikuwa hataki kusoma kwenye kompyuta. Anataka karatasi, na karatasi hizo zilipitia kwangu, maana ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu na magoti yake yalikuwa yamegoma. Nilikuwa na trei mbili juu ya kabati: moja kazi inakwenda kwa Profesa, nyingine kazi inatoka kwa Profesa. Kila muhula yeye ndiye aliyejaza fomu ya mradi, akiandika mwanafunzi anaendelea na marekebisho. Bila marekebisho hakuna fomu, na bila fomu hakuna posho.

Hapo ndipo Bwana Udongo alipoanza kutia mchanga. Ndivyo tulivyokuwa tunaita. Alitengeneza faili mbili kwenye kompyuta yangu, moja inaitwa SAFI na nyingine inaitwa MCHANGA. Kwenye ya MCHANGA anahamisha tarakimu: asidi ya shamba la kaskazini inakwenda kusini, sentimita thelathini inakuwa kumi na tatu, maelezo ya jedwali la pili yanakwenda chini ya jedwali la nne. Alikuwa akiniandikia kwenye kikaratasi na mimi nachapa. Nilikuwa nacheka. Nasema ukweli, nilikuwa nacheka, naona tunawapiga chenga wakubwa, na nilimpenda yule kijana. Mama Jalada hakusoma zaidi ya darasa la nane, lakini hapo alikuwa anaharibu tasnifu ya uzamili kwa ustadi mkubwa.

Profesa akawa anasahihisha. Mihula minne. Kila wiki mbili anakuja, anakaa upande wa kushoto wa benchi, anachukua kazi kwenye trei, na wakati mwingine anaanza kuisoma palepale. Akikuta kosa anasimamisha penseli, anagonga ubao mara tatu akifikiri, kisha anaandika pembeni kwa herufi ndogo zilizosimama wima. Hakuwa anaandika "kosa". Aliandika, "Rudi shambani kwa mawazo, uone kama hili linawezekana." Au, "Umechoka? Pumzika siku mbili, kisha uhesabu tena." Nilikuwa nazisoma hizo na kicheko kinapungua.

Muhula wa tatu nikaona nguo zinamlegea. Wa nne akaanza kushika ubavu akiinuka. Siku moja simu yake ikalia akiwa kwenye benchi, na alikuwa mtu wa kuongea kwa sauti kwa sababu sikio moja lilikuwa zito. Aliyepiga alikuwa binti yake, anayeishi mji mwingine.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema Profesa. "Operesheni nitafanya. Daktari amesema mapema, sikatai. Lakini nina kijana mmoja amebaki. Nikiondoka atapewa yule mwenzangu, na yule hasomi, anasaini tu ili meza yake ibaki nyeupe. Kijana atatoka na makosa yake yote, watu watamcheka maisha yake yote. Acha nimalize naye."

Nilikuwa nimeshika rimu ya karatasi. Niliiweka chini, nikaichukua tena, nikaiweka.

Jioni ile nikamwambia Bwana Udongo, neno kwa neno. Alikuwa ndani ya sare nyeupe ya mafunzo, amesinzia wima ukutani. Akafumbua macho na uso ukamshuka.

"Umebaki muhula mmoja, mama," akasema. "Muhula mmoja na mtihani. Nikiacha sasa nimeacha yote."

"Na yeye?"

"Nitakwenda kumwambia. Nipe wiki hii."

Wiki ikapita, na nyingine. Sikumlaumu sana, mimi pia nilikuwa nakutana na Profesa kila wiki mbili na kuzungumza naye habari za mvua. Ya tatu nikaamua. Bwana Udongo alikuwa ameleta kikaratasi chake cha mchanga kwa ajili ya sura ya nne. Nikakitia mfukoni. Nikafungua faili ya SAFI, nikachapa sura ya nne kama ilivyo, nikaiweka kwenye trei ya kwenda kwa Profesa. Nilijiambia: ataisoma, ataona kijana ameiva, atasaini, atakwenda kufanyiwa operesheni. Hizo ada za miezi ya mwisho tutazihangaikia. Nilikuwa hata nimeshawaza kuuza mashine yangu moja ya kopi.

Kumbe sikumjua Profesa. Alirudi siku ya tatu, hakusalimia. Akakaa, akaweka sura ya nne mapajani.

"Hii ameandika nani?"

"Kijana wako, Profesa."

"Usinifanye mtoto. Nimekaa na makosa ya yule kijana zaidi kuliko nilivyokaa na wajukuu wangu. Najua anapojikwaa. Hapa hajajikwaa hata mara moja. Mitaa hii ina watu wanaowaandikia wanafunzi kazi kwa malipo, na mimi nilidhani duka lako si mojawapo. Ni wewe umemtafutia mwandishi?"

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nilimwona akivuta pumzi na kushika ubavu, na nikajua kwamba nikinyamaza anakwenda moja kwa moja kumshitaki kijana, na kijana atafukuzwa kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

"Hii ndiyo kazi yake," nikasema. "Makosa ndiyo hayakuwa yake, Profesa. Yale tulikuwa tunayatia."

Nikamweleza yote. Faili mbili, vikaratasi, posho, chuo cha afya, mama aliyelazwa chali, kitanda kisicholaliwa. Nilimwonyesha hata kikaratasi kilichokuwa mfukoni. Alikisoma pande zote mbili, ingawa upande wa pili haukuwa na kitu.

"Miaka miwili," akasema. "Unajua nilikuwa najiambia nini? Nilikuwa najiambia mimi ndiye nimekwisha. Nilisema nimezeeka, sijui tena kufundisha, mwanafunzi namweleza jambo moja mara nne na haliingii. Nimelia kwa ajili ya hilo jedwali la tatu, mdogo wangu."

Nililia mimi pia, mteja mmoja akaingia akatoka.

Baadaye akauliza, "Amebakiza nini huko kwenye uuguzi?"

"Muhula mmoja na mtihani."

Akachukua penseli nyuma ya sikio. Akafungua jedwali la tatu, ambalo halikuwa na doa. Akagonga benchi mara tatu. Kisha akaandika pembeni, kwa zile herufi zake zilizosimama wima: "Rudia hesabu hizi zote."

"Mpe," akasema. "Na fomu ya muhula ujao nitaijaza."

"Na operesheni, Profesa?"

"Tarehe inasogezwa. Nikienda sasa, yule mwenzangu anasaini kesho asubuhi." Akaanza kuinuka, akashindwa, nikamshika mkono. "Usimwambie kwamba najua. Akijua ataacha vyote viwili, namjua. Niapie."

Nikamwapia. Kama kuna siku naomba irudi ni hiyo, nimkatalie.

Nilimpa Bwana Udongo ukurasa huo mmoja tu, na alipouona aliingiwa na wasiwasi. "Mama, jedwali la tatu safari hii sikulitia mchanga."

"Labda umesahau," nikamwambia, na macho yangu yako kwenye skrini.

Alilipitia mara mbili. "Sikusahau. Liko sawa. Anaona makosa yasiyokuwepo, mama. Ugonjwa umefika kichwani." Akakaa chini akajifunika uso kwa mikono. "Na miguu yake imevimba, nimeiona wiki iliyopita. Nimejifunza, najua miguu ile maana yake nini."

Ni yeye aliyekwenda kumbembeleza mpaka akakubali kulazwa. Alimkuta amejikongoja hadi ofisini kwake, akambeba ngazi za ghorofa tatu kushuka. Lakini Profesa alikubali baada ya kujaza fomu ya mwisho, na kabla ya kwenda alimwomba dereva wa teksi asimame mlangoni kwangu. Hakushuka. Alinipa bahasha kupitia dirishani, imefungwa.

"Mpe akishamaliza mtihani wa mwisho," akasema. "Siyo kabla."

Walimfanyia operesheni, ikawa imechelewa. Maji yakaingia kifuani. Wodi aliyolazwa ndiyo wodi ambayo Bwana Udongo alikuwa akifanyia mafunzo, na alikuja kunieleza mwenyewe siku mbili baadaye, amesimama katikati ya duka kana kwamba yuko kwenye foleni.

"Nilimketisha, mama," akasema. "Nilipoisikia ile sauti tu, nikamwinua. Mito mitatu mgongoni, nikamshika mabega. Akapata pumzi kidogo. Aliondoka ameketi, mkononi mwangu. Hakuteseka kama mama yangu."

Nikamwambia amefanya vizuri. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Nilitaka kumwambia kuhusu mchanga. Nilianza. Lakini alikuwa ameshachanganyikiwa. Alinishika kola akasema, 'Jedwali la tatu liko sawa.' Akarudia. Hakuwa anajua tena anachosema, maskini."

Mtihani wake ulikuwa miezi miwili baadaye na alifaulu. Ajira akapata palepale hospitalini. Na mimi nikafungua bahasha, kwa sababu nilitaka kujua ninachompa kabla sijampa. Ndani kuna ukurasa wa mbele wa tasnifu, umesainiwa kwa wino, na tarehe ya wiki aliyoingia hospitali. Nyuma yake kuna maandishi ya penseli: "Nilijua muhula huu wote. Hesabu zako ni safi tangu mwanzo. Nenda ukafanye kazi."

Ni maneno mazuri. Mtu mwingine angeyatia kwenye fremu. Lakini mimi nayasoma kwa macho ya yule kijana. Muhula huu wote. Maana yake alijua, na alibaki, na tarehe ya operesheni ikasogezwa kwa ajili yake. Hatasoma kusamehewa pale, atasoma kwamba amemuua mama wa pili. Na wakati huohuo, nisipompa, shahada ya uzamili aliyoitolea jasho inaoza kwenye droo, naye anaamini Profesa alikufa bila kuisaini, na kwa yule mwenzake hakutaka kwenda. Nimelipindua jambo hili mpaka kichwa kinauma.

Mwezi uliopita alipita akitoka kazini. Amenenepa, sare imepigwa pasi mbele na nyuma. Alikaa kwenye benchi, upande wa kushoto, na mimi sikuweza kumwambia asogee. Tulizungumza habari za hospitali, za baba yake mdogo ambaye siku hizi humpigia simu kuulizia dawa za presha.

"Mama, Profesa hakuacha kitu changu hapa?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya droo. Nilikihisi kishikio chake cha chuma, cha baridi.

Akaendelea kabla sijajibu, "Si kitu. Nimeuliza tu. Unajua siku hizi nalala? Nalala kitandani, chali kabisa, mpaka asubuhi. Tangu siku ile nilipomketisha sijaisikia tena ile sauti."

"Hakuacha kitu, baba," nikamwambia.

Akaniaga vizuri, akaniachia maembe mawili juu ya mashine. Nilimtazama mpaka akakata kona ya geti.

Usiku ule mume wangu aliniuliza kwa nini nimejiwekea mito yote mgongoni, kwa nini nisilale kama watu. Nikamwambia kifua kinanibana kidogo, nikilala chali naisikia penseli.